Mwanaidi na Kadi ya Mavyaa

Tangu mafuriko yalipobeba nyumba yake, Mwanaidi alikuwa mtu asiyetulia. Akiketi kula, macho yako mlangoni. Akisimama uani, mikono inatafuta kitu cha kushika: atafagia palipokwisha kufagiwa, atapangua kuni na kuzipanga upya, ataingia ndani na kutoka bila kukumbuka alichofuata. Binti yake Yasmini, aliyekuwa darasa la sita, alikwisha kuzoea kumwona mama yake akila wima, sahani mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa.

Alitulia siku moja tu katika mwezi, nayo ni siku ya kuponi.

Mafuriko yalikuwa yamelaza mpunga wote wa watu wa Mtapani, kisiwa kidogo katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, na shirika moja la misaada likaanza kuwapa chakula kila mwezi. Mzee Bushiri, mwenyekiti wa kitongoji, aligawa kuponi nyumba kwa nyumba: vikaratasi vya samawati vyenye mhuri. Mwenye kuponi alivuka nayo hadi Nyamisati, akaitoa ghalani, akapewa unga, maharage na mafuta. Mwanaidi alikuwa hodari wa kasia kuliko wanaume wengi wa pale, basi wasioweza safari walimpa kuponi zao: wajawazito, wazee, mwenye mguu mbovu. Alizitia kwenye mfuko wa nailoni, akazifunga pindoni mwa kanga, akaenda na kurudi mtumbwi umedidimia kwa mizigo ya watu. Pale ghalani hakuna aliyemuuliza wewe ni nani wa nani. Karatasi ikifika, chakula kinatoka.

Kuponi aliyoanza nayo kila mara ilikuwa ya Bi Tabu.

Bi Tabu alikuwa mavyaa wake, mama wa mume, ila mume mwenyewe hakuwapo tena. Ukasha, mtoto pekee wa Bi Tabu na baba wa Yasmini, alikwenda Kibiti kutafuta kazi ya bodaboda. Kazi akapata, mke akapata, na talaka ya Mwanaidi ikaja kisiwani kwa kinywa cha binamu. Mwanaidi alikaa eda, akaimaliza, akahamia upande wa pili wa kisiwa na kujijengea kibanda jirani na kaka yake. Watu walidhani ukwe umeishia hapo. Lakini Bi Tabu alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukalala, aliyekwenda kumwogesha ni Mwanaidi. Na maji yalipokibeba kile kibanda, Bi Tabu ndiye aliyetuma maneno kwamba uani kwake pana nafasi. Mwanaidi akajenga hapo. Nyumba mbili, meko mawili, kuponi mbili.

Si kwamba waliishi kwa utamu. Bi Tabu alikuwa na ulimi. "Huu uji umeupika," angeuliza, "au umeosha sufuria ukanipa maji yake?" Mwanaidi angeongeza sukari kama ipo, akamshika kichwa na kumnywesha hadi kikombe kinakwisha.

Tusiseme kuponi zilikuwa malaika. Nyingine zililoa zikachanika, nyingine ziliuzwa kwa wachuuzi, na mwishowe ghalani zikaanza kuonekana kuponi ambazo hakuna aliyejua zimechapwa wapi. Shirika likaamua kuachana na karatasi na kutumia kadi za elektroniki. Habari hizo zilifika Mtapani na Zuhra, msichana wa ofisi ya shirika, aliyeshuka kwenye boti akiwa na kishikwambi ndani ya mfuko usiopitisha maji. Watu walikusanyika barazani kwa Mzee Bushiri.

"Kadi hii haiuziki," alisema Zuhra, akiinua moja waione. "Inamjua mwenyewe kwa alama ya kidole. Na hutalazimika kungoja siku ya ghala. Duka lolote lenye mashine yetu, liwe Nyamisati, liwe Kibiti, unaingia na kuchukua chakula chako."

Mzee mmoja akauliza kama hicho kidole kinarudishwa. Watu wakacheka, na Zuhra naye akacheka. Mwanaidi alikuwa anakifungua na kukifunga kifundo cha kanga yake.

"Na asiyeweza kutoka nyumbani?" aliuliza.

"Ataandikiwa mwakilishi, dada. Mwakilishi anaweka kidole kwa niaba yake. Lakini lazima awe mume, mke, mzazi, mtoto au ndugu wa damu. Na aliyekwisha kupata kadi ya kaya yake hawezi kuwakilisha kaya nyingine."

Mwanaidi aliyapima maneno yale, akaona mlango umefungwa mara mbili mbele yake.

Zuhra alikuwa na moyo mzuri. Alikubali kufuatana na Mwanaidi na Mzee Bushiri hadi kwa Bi Tabu. Alimkuta ameegemezwa kwenye mto, kanga imevutwa vizuri mabegani. Alichukua alama ya kidole chake cha mkono mzima, kisha akauliza nani atakuwa anakwenda dukani.

"Si huyu hapa," Bi Tabu alisema. "Mkwe wangu."

"Mke wa mwanao?"

Bi Tabu akageuka kuitazama dari. Mwanaidi ndiye aliyejibu. "Nilikuwa."

Zuhra alipandisha kidole kwenye kioo, akakishusha, akapandisha tena. "Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Humu ndani hamna nafasi ya nilikuwa."

Mzee Bushiri akakohoa. Akasema mama huyu ana mtoto wa kiume, mtu mzima, yuko Kibiti, na namba yake ya simu anayo. Hivyo ndivyo Ukasha alivyoingia kwenye kadi.

Alikuja kabla wiki haijaisha. Alipita kwanza Nyamisati kuweka kidole na kupokea kadi, kisha akapanda boti kuja kumwona mama yake. Tangu asubuhi Bi Tabu alikuwa hakai sawa. Aliomba avishwe kanga iliyokuwa inalala sandukuni, akataka nywele zipakwe mafuta na kusukwa. Mwanaidi alimsuka. Alipomaliza tu, akachukua ndoo na chuma chake, akaingia mikokoni kuchimba kaa, na hakutoka mpaka aliposikia mngurumo wa boti iliyokuja kumchukua Ukasha.

Walikutana gatini, yeye akipanda kutoka majini, Ukasha akishuka kwenda botini. Ukasha alikuwa amenenepa kidogo shingoni. Walisalimiana kama watu wa kitongoji kimoja.

"Mama anaonekana safi," Ukasha alisema. "Ahsante."

"Chakula chake usichelewe nacho," Mwanaidi akamjibu. "Hawezi kula maharage makavu yakikosa mafuta. Hayashuki."

"Kwani miye simjui mama yangu?"

Mwezi wa kwanza mzigo ulikuja na boti ya wachuuzi wa samaki: unga na maharage. Mafuta hayakuwamo. Bi Tabu akasema labda yamemwagika njiani, boti zenyewe zinavyoyumba. Mwezi wa pili haukuja mzigo wowote. Mwanaidi alikuwa ameshachukua chakula cha kadi yake mwenyewe, akawa anakwenda gatini kila boti inapofika, anawatazama watu mikononi, anarudi. Alimpigia Ukasha simu kwa simu ya Mzee Bushiri, simu haipatikani. Akapiga tena alasiri. Akapiga kesho yake. Mzee Bushiri mwenyewe akaanza kumhurumia, akawa akimwona tu anatoa simu mfukoni.

Unga wa Bi Tabu ulipokwisha, Mwanaidi akapika kwa unga wake na kumpelekea.

"Umetoka wapi huu?" Bi Tabu aliuliza.

"Ukasha kaleta," Mwanaidi akasema.

Yalimtoka tu. Hakuwa amepanga kusema uongo. Aliuona ule uso umeinuliwa unangoja jibu, akaona hana jibu lingine la kuupa. Lakini uongo ule ulikuwa na gharama. Kila siku, kila tonge, Bi Tabu alimsifu mwanawe. Mwanangu hanisahau. Mwanangu ana mke na watoto, lakini ananikumbuka mimi. Mwanaidi alisimama karibu na mlango na sahani yake, akila kidogo kuliko jana ili unga ufike mbali, huku akisikiliza jinsi Ukasha alivyo mtoto mwema. Yasmini alimtazama mama yake, akatazama chini.

Ilifika siku Mwanaidi akasinzia kwa shida, akaamka na kusikia meno yake yanasagana. Akamwachia Yasmini maagizo, akamwomba jirani aangalie uani, akavuka Nyamisati, na kutoka hapo akapanda gari hadi Kibiti.

Kibiti siku ile ilikuwa ya gulio. Magari ya Kusini yalisimama na kuondoka, wauza korosho na machungwa wakiyakimbilia madirishani, na Mwanaidi alipita katikati yao akiuliza bodaboda mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza hakumjua Ukasha. Wa pili alimjua lakini hajamwona. Wa tatu, kijana aliyeitwa Saidy, akasema Ukasha pikipiki yake imeharibika muda sasa, siku hizi anabeba mizigo huko gulioni, ila nyumbani kwake ni kule nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Akamwelekeza hadi mwisho.

Mwanaidi alikuwa ameyapanga maneno yake tangu kwenye boti. Aliyapanga makali, kwa mpangilio, lipi lianze na lipi lifuate. Alipofika kwenye ile nyumba akapiga hodi, akatoka mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni na mwiko mkononi. Nyuma yake watoto wengine wawili walikuwa wameketi wakilitazama jiko.

"Karibu, dada. Unamtaka nani?"

"Ukasha."

"Hajarudi. Ingia usubiri, jua hili kali." Akavuta kigoda. "Mimi mkewe. Naitwa Habiba."

Mwanaidi akaketi. Ukutani, kwenye msumari, ulikuwa umening'inizwa mfuko wa unga wenye nembo ya shirika. Ulikuwa umebaki chini kidogo. Sufuriani ugali ulikuwa unageuzwa.

"Umetoka mbali?" Habiba aliuliza.

"Natoka Mtapani."

Uso wa Habiba ukachangamka. "Kwa mama mkwe? Basi utamfikishia salamu zangu. Mwambie tunashukuru sana. Tangu pikipiki ife, hawa wangelala na njaa kama si huo unga aliotuletea. Nilimwambia Ukasha, mama mgonjwa mwenyewe, anawezaje kugawa chakula chake? Akaniambia kwamba huko kisiwani wana samaki na kaa, wanashiba."

Habiba alipakua. Aliweka sahani ya kwanza mbele ya mgeni, na mchicha pembeni, na maji ya kunawa. Watoto walinawa. Mwanaidi aliutazama ule ugali. Maneno yake yote yaliyokuwa kwenye mstari yakatawanyika, hakuweza kulishika hata moja. Akanawa, akakata tonge, akala. Akala taratibu, ameketi, kwa sababu sahani aliyopewa na mwanamke mwenye njaa isingeweza kurudishwa.

Walipomaliza ndipo Habiba akauliza, "Nawe ni nani wake mama? Jirani?"

"Miye Mwanaidi. Mama yake Yasmini."

Habiba alichukua sahani moja, akaiweka juu ya nyingine. Kisha akaangalia mfuko ukutani, akamwangalia Mwanaidi, na taratibu mkono wake ukapanda kifuani.

"Hakuutuma," alisema.

"Hapana."

"Na mama anakula nini?"

"Anakula. Lakini wangu unakwisha."

Habiba aliinuka, akaingia chumbani. Mwanaidi alisikia kitu kinaburutwa, godoro labda. Alirudi na kadi, ya plastiki, ngumu, ina picha ya suke la mahindi. Akaiweka kiganjani mwa Mwanaidi na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Chukua. Akiniuliza nitajua la kumwambia."

Mwanaidi alikaa nayo. Angekuwa amepewa kuponi, safari ingekuwa imekwisha hapo. Angeifunga pindoni na kwenda zake. Lakini hii haikuwa kitu bila kidole cha Ukasha. Alimweleza Habiba hivyo, akamrudishia. Habiba akaishika kadi ile kwa ncha za vidole, hajui aipeleke wapi.

Ukasha hakuja. Labda aliambiwa gulioni kuwa anatafutwa. Mwanaidi alisubiri hadi gari la mwisho la kuelekea Nyamisati, akaondoka, na Habiba akamsindikiza hadi barabarani, mtoto amelala mgongoni.

Siku iliyofuata, akimwogesha Bi Tabu, Mwanaidi akamwambia ukweli. Alianza na uongo wake mwenyewe. Bi Tabu alimwacha aseme hadi mwisho.

"Nilijua," alisema. "Kama angeleta yeye, angeingia kunisalimu. Ukasha si mtu wa kufika gatini akarudi bila kunisalimu. Nilikuwa nakusikiliza tu, naona utachoka lini."

"Sasa tufanye nini, mama? Zuhra alisema mwakilishi anaweza kubadilishwa."

"Nimwondoe mwanangu? Nikae mbele ya watu wa ofisi niseme mwanangu ananila?" Bi Tabu akauvuta mkono wake ulio hai kutoka kwenye maji. "Nifute. Nasikia baridi."

Hakulizungumza tena siku ile, wala iliyofuata. Mwanaidi alizunguka uani. Aling'oa majani ambayo hayakuwa yanamdhuru mtu. Unga ulibaki wa kukung'uta, akawa anauchanganya na muhogo wa kuomba kwa kaka yake. Kisha asubuhi moja Bi Tabu akamwita Yasmini amwinue. Yasmini alitumbukiza mikono yake chini ya makwapa ya bibi, akamwinua, na Bi Tabu alivihisi vidole vya mtoto jinsi vilivyokuwa vyembamba. Akavishika, akavigeuza, akavitazama muda mrefu.

"Mwite mama yako," alisema. "Mwambie aandae mtumbwi."

Walimbeba kwenye kiti, kaka wa Mwanaidi na jirani mmoja, wakamlaza mtumbwini juu ya magodoro ya makuti, mwavuli umefungwa juu yake na kiti kimewekwa nyuma. Mwanaidi alitaka kungoja maji yajae vizuri, lakini watu wa ofisi ya shirika walikuwa Nyamisati siku ile, boti yao ilikuwa inaondoka mchana na hakuna aliyejua itarudi lini. Akaamua kupita njia ya mkato, kijito kinachokatiza katikati ya mikoko. Maji yalimkimbia. Walipofika katikati, mtumbwi ukakwaruza, ukasita, ukakaa juu ya tope.

Mwanaidi alishuka. Tope lilimfika mapajani. Alisukuma, mtumbwi ukasogea kidogo, ukakwama tena. Alizunguka mbele akavuta, akarudi nyuma akasukuma, mikoko pande zote imesimama juu ya mizizi yake, na kwa mbali anasikia injini asiyojua kama ni boti ile anayoifukuzia au nyingine. Alianza kupumua vibaya. Alipiga ubavu wa mtumbwi kwa kiganja.

"Wewe," Bi Tabu aliita kutoka chini ya mwavuli. "Panda ukae."

"Mama, tutachelewa."

"Tumeshachelewa. Maji hayaogopi kofi lako. Panda."

Mwanaidi akapanda, ametapakaa tope, akakaa miguuni kwa Bi Tabu. Hakukuwa na kitu cha kufagia wala cha kupanga. Walikaa wakisikiliza tope linavyobubujika na vidagaa vinavyorukaruka kwenye vidimbwi. Bi Tabu akasema ana haja ndogo. Mwanaidi akamsaidia kwa kopo la kuchotea maji, mtumbwi ukayumba, na wote wawili wakaanza kucheka bila sababu ya maana, Bi Tabu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Alipokuacha," Bi Tabu alisema baadaye, "nilimtuma mtu amwambie kakosea. Hukujua hilo."

"Sikujua."

"Basi ujue."

Maji yalirudi polepole, yakaingia chini ya mtumbwi, yakauinua. Walifika Nyamisati jua limekwisha kupinda, na vijana wa gatini wakambeba Bi Tabu kwenye kiti chake. Boti ya ofisi ilikuwa bado ipo. Mtandao uliokatika tangu asubuhi ndio kwanza ulikuwa umerudi, na watu walikuwa bado wamelala vivulini wakingoja; ucheleweshaji uliowatesa wengine ndio uliowaokoa wao.

Zuhra alitoka nje na kishikwambi chake, akachuchumaa pembeni ya kile kiti. Aliwasikiliza. Hakumuuliza Bi Tabu kwa nini anamwondoa mwanawe, na Bi Tabu hakumwambia. Alisema tu kwamba Kibiti ni mbali. Zuhra alifikiri, akasema njia ipo moja. Kwa kuwa wanaishi ua mmoja, kaya zao zinaweza kuunganishwa kuwa moja. Kadi moja, na vidole viwili vinaruhusiwa kuifungua.

"Ila muelewe," aliongeza, akimtazama Mwanaidi. "Kaya moja inapata fungu moja. Dada, kadi yako ya sasa itafungwa. Mlikuwa na mafungu mawili, mtabaki na moja kwa watu watatu. Sitaki mfike nyumbani mseme niliwaficha. Ukitaka kubaki na yako, bibi abaki na mwakilishi wake, ni haki yako."

Bi Tabu alitazama mbele kama mtu asiyesikia, na Mwanaidi akafahamu kwamba anaachiwa yeye aamue. Aliutazama mkono uliolala pajani, wenye kucha alizozikata mwenyewe. Alimfikiria Yasmini. Alihesabu moyoni unga utakaokosekana, akaona hesabu haiji vizuri hata akiigeuza vipi. Angekuwa nyumbani angeinuka na kuzunguka. Hapa alibaki alipo.

"Unganisha," alisema.

"Mkuu wa kaya nani?"

"Miye," Bi Tabu akadakia, kabla neno halijapoa.

Zuhra akaandika. Akamwuliza Bi Tabu kuhusu Yasmini. Yasmini ni mjukuu, na mjukuu ilikuwamo kwenye orodha ya mashine. Kisha akafika kwa Mwanaidi, na kidole chake kikaanza tena kupanda na kushuka.

"Bibi, nisaidie. Huyu tumwite nani wako?"

"Mwanangu ndiye aliyemwacha," Bi Tabu alisema. "Miye sikumwacha."

Watu waliokuwa kivulini waligeuka. Zuhra alikaa akikitazama kioo. "Naelewa, bibi. Lakini mashine ina orodha yake. Nitaweka hii ya mwisho." Akabonyeza, na kwa kuwa sheria ya kazi yake ilimtaka asome kila anachoandika, akasoma: "Mwingine."

"Mwingine ndiyo nini?"

"Ni neno la mashine tu."

Mwanaidi aliambiwa aweke kidole gumba, kile kilichokubaliwa miezi michache nyuma kwenye kadi yake. Mashine ikakataa. Kasia na tope na chuma cha kaa vilikuwa vimevisugua vidole vyake hadi vikawa laini kama sabuni. Wakajaribu cha shahada, kikakataa; cha kati, kikakataa. Cha pete, kile kisichofanya kazi sana, mashine ikakipokea, ikatoa mlio mdogo. Siku nzima ile, njiani na baada ya kufika nyumbani, Mwanaidi alikuwa anakigusa kidole kile na kidole gumba chake, akilirudia lile neno. Mwingine. Hakujua kama amepewa kitu au amenyang'anywa.

Fungu moja halikuwatosha. Wiki ya mwisho ya mwezi walikula kaa na muhogo, na Mwanaidi alishona makuti ya kuuza hadi mgongo ukauma. Meko yakabaki moja, na Bi Tabu, mkuu wa kaya, akawa na la kusema juu ya kila chumvi inayoingia chunguni. Wale majirani wengine ambao kuponi zao alikuwa anazibeba, sasa alilazimika kuwabeba wenyewe, mjamzito na mwenye mguu mbovu wameketi mtumbwini wakishikilia kingo, na alipowafikisha dukani alisimama nje akihesabu nani ametoka na nani bado.

Ukasha alikuja baada ya kadi yake kukataliwa dukani Kibiti mbele ya watu. Alikuja mikono mitupu, shati limemkaa vibaya mwilini. Ile shingo ilikuwa imepungua. Mwanaidi alikuwa uani, na mara hii hakukimbilia mikokoni.

"Mama," Ukasha alisema akiwa amesimama mlangoni. "Umenitoa."

"Nimekutoa kwenye kadi," Bi Tabu akajibu kutoka ndani. "Mlango huu umeuona umefungwa?"

Ukasha aliinama akaingia, akaketi chini karibu na kitanda, akaushika ule mkono uliolala. Mwanaidi alisikia sauti yake ikizungumza chini chini, ikikatika, ikianza upya. Alisikia jina la Habiba, na pikipiki, na watoto. Hakusikia neno samahani, lakini hakuwa amekaa karibu sana. Alipika chungu kikubwa kuliko alivyopanga. Yasmini aliwatengea, baba yake akala pamoja na bibi, na alipofika nusu ya sahani Ukasha akaisukuma kwa binti yake, akasema ameshiba.

Jioni boti iliondoka naye. Bi Tabu alilala uso ukutani, hakutaka taa iwashwe wala mlango ufungwe. Mwanaidi aliketi mlangoni. Akainuka, akaenda hadi gatini, akatazama maji, akarudi. Akachota kwenye unga uliobaki, akaufunga kwenye kitambaa, na kumtafuta Mzee Bushiri amwulize kama kuna mtu anayejua boti ya kesho itakayokwenda Nyamisati, na kama kule yuko mtu wa Kibiti anayeweza kuufikisha kwa Habiba na watoto wake.